Kigingi cha Kwanza cha Kajaga

Bujumbura,
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwa Baba yangu, Nasor bin Azhar,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Naona umesita hapo kwenye "bin Azhar". Umesukuma miwani juu ya pua na kumwuliza kaka ni nani aliyeandika hivi. Ni mimi, Hiba, na sikukosea. Soma taratibu. Nimetumia herufi kubwa na mistari michache kila ukurasa, ili usije ukasingizia kwamba mwandiko wangu umekuumiza macho.

Goti lako linaendeleaje? Kaka aliniambia kwamba ile dawa ya kuchua unaificha chini ya mto ili wajukuu wasiseme nyumba inanuka hospitali. Jichue tu, Baba, wao wazibe pua. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ingawa mafuta ya gari yamekuwa hadithi na mji mzima umejifunza kutembea. Shangazi Ghanima amewekewa meno mapya. Anayavaa wageni wakija, na chakula kikiletwa anayavua. Rayan mwanangu amemaliza mitihani yake na sasa analala mpaka saa nne, anasema akili inapumzika. Ule mpera wako wa uani umezaa mwaka huu mpaka matawi yameinama, na kila nikichuma nakukumbuka.

Barua, wanasema, ni nusu ya kuonana. Mimi hiyo nusu ndiyo niliyoitaka, maana kwa simu wewe ukisikia neno usilolipenda unasema mtandao mbaya, unakata. Karatasi haina mtandao. Nimempa Basma, binti wa jirani yetu anayesafiri kuja huko, na nimemwapisha aiweke mkononi mwako mwenyewe, si mkononi mwa kaka wala mwa mke wake.

Nianze na uongo wangu, kwa kuwa ndio mdogo kati ya mengi nitakayokuambia. Tangu Januari ukiniuliza niko kazi gani, nakujibu kwamba tunakarabati ghala la mchele Jabe. Hakuna ghala, Baba. Nimekuwa Kajaga, kwenye kanisa.

Najua jina hilo halitajwi nyumbani kwetu. Tulipokuwa watoto, mtu akisema twende Kajaga kuogelea, wewe ulikuwa unapata kazi ya ghafla dukani. Nilijua mambo kwa juu juu tu: kwamba babu, fundi Azhar, aliyejenga nusu ya maduka ya mjini, alikwenda kuwajengea mapadri kanisa, akabaki hukohuko, akaiacha dini, na ndugu zake wakamfuta. Hayo sikuyasikia kwako. Niliyaokota kwa wanawake, jikoni, kwenye misiba, na nilipoingia mimi wakabadilisha mazungumzo.

Kazi ilinijia kupitia Jovithe, yule niliyesoma naye upimaji. Ziwa limepanda sana miaka hii. Kajaga kuna nyumba ambazo unaona paa tu na viboko wanazunguka pale palipokuwa sebule. Maji yalipofika kwenye ngazi za kanisa, parokia ikaamua kujenga jingine juu, karibu na barabara kuu, na kulibomoa la zamani kabla halijawaangukia watu. Lakini kwanza walitaka kila ukuta upimwe na kuchorwa, na historia ya jengo iandikwe, ili wajukuu wao wajue walikotoka. Jovithe akawapa jina langu bila kujua ananipeleka wapi. Ningeweza kukataa. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuniuliza.

Nikueleze jengo lenyewe, kwa sababu hujawahi kuliona. Urefu ni mita ishirini na nne, upana tisa. Msingi ni wa mawe ya milimani, na juu yake kuta nene za matofali ya kuchoma, zimeunganishwa kwa chokaa. Nimepitisha timazi kila kona na sikupata pa kulaumu. Zamani paa lilikuwa la vigae, dhoruba ikavipeperusha, wakaweka mabati. Kuna mnara wa kengele ulioongezwa miaka mingi baadaye, nao umepinda kidogo upande wa kushoto. Huo mnara si kazi ya babu, usihangaike.

Ndani, ukutani, kuna vidaka sita kila upande, vimechongoka juu, sawasawa na vile vya sebuleni kwa marehemu ami yako mkubwa, ambamo walikuwa wanaweka taa na vikombe vya kaure. Kajaga wamesimamisha humo watakatifu wao, nao wameenea vizuri. Na nje, Baba, kuta zote mbili za ubavuni zimezungushiwa baraza ya mawe. Kanisa lenye baraza sijapata kuliona jingine. Watu wakitoka kwenye misa hawaendi nyumbani, wanakaa pale, wanawake wananyonyesha, wazee wanabishana, mmoja nilimkuta anamenya mihogo. Babu hakujua kujenga nyumba isiyokuwa na mahali pa mgeni kukaa. Siku ya kwanza nilikaa kwenye hiyo baraza mpaka Jovithe akaniuliza kama naumwa.

Lina ila moja tu. Limekaa upande. Barabara inakwenda huku, ziwa liko kule, jua linatokea pale, na kanisa halimfuati hata mmoja wao. Wenyeji wana sababu zao. Wengine wanasema kiboko alikanyaga vigingi usiku, wengine kwamba padri wa kizungu alivunja miwani. Padri Gélase, ambaye ndiye paroko wa sasa, mtu mpole anayependa tarehe kuliko chakula, alinionyesha mchoro wa mwaka 1955. Kwenye mchoro altare, yaani madhabahu yao, iko mashariki. Kwenye ardhi haiko. Akaniomba nitafute sababu na kuiandika, kwa kuwa amechoka kuulizwa na maaskofu.

Wiki ya pili, mvua ilitunyeshea mchana kutwa na wenzangu wakakimbilia kwenye duka la karibu. Adhuhuri ikanikuta humo ndani. Nilimwomba Padri Gélase ruhusa niswali pale sakristia, chumba chao cha mavazi ya misa, akanitandikia mkeka kwa mikono yake, akatoka na kufunga mlango. Nikatoa dira yangu ya kazi nitafute kibla. Nikaitazama, nikatazama ukuta, nikaitazama tena. Nikatoka na dira mkononi mpaka katikati ya kanisa, nikapima mara tatu. Digrii ishirini na moja na nusu kutoka kaskazini kwenda mashariki. Kibla cha mji wetu unakijua mwenyewe ni ngapi: ishirini na mbili. Alikosea nusu digrii, Baba, mtu aliyekuwa na kamba, vigingi na kivuli cha jua. Nilikaa kwenye benchi la wanakwaya na machozi yakanitoka. Sala ilichelewa kidogo, Mungu anisamehe.

Unakumbuka tulipojenga nyumba ya Buyenzi? Mafundi walikuwa wameshapiga vigingi vyote, wamevuta kamba, wewe ukaja na kanzu yako ukawaamuru wang'oe. Ukasema kigingi cha kwanza hakipigwi mpaka ujue kibla kiko wapi, ili mwenye nyumba asitafute pa kuelekea, na choo kisikielekee kibla wala kukipa mgongo. Tulicheka mpaka Mama akatufukuza. Nilidhani maneno ni yako. Shangazi ndiye aliyenieleza kwamba ni ya babu, neno kwa neno, na kwamba hata ile namna yako ya kuinua kidole ukiyasema ni yake.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Padri Gélase alinifungulia daftari la wamisionari, akanitafsiria kutoka Kifaransa chao cha zamani. Padri mwenye kazi alipata homa akalazwa mjini wiki tatu, akamwachia babu mchoro. Babu akafanya kama alivyofanya kila alfajiri ya maisha yake: akaswali, akapiga kigingi cha kwanza, akavuta kamba. Mkono ulikwenda wenyewe. Siku padri aliporudi aliandika hivi: kwamba mstari umekosewa, kwamba fundi ndiye aliyemwambia hata kabla hajashuka kwenye pikipiki, na kwamba fundi ameomba ayafukue mawe yote peke yake bila malipo. Halafu chini kaandika kwamba ameuzunguka msingi mara mbili na kumwambia aendelee.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika ripoti nzuri. Lakini Padri Gélase alinipeleka kwa Koko Dorothée. Koko, kwa Wakongo, ni bibi. Ana miaka themanini na saba, alikuja kutoka Uvira akiwa bi harusi, na mume wake, marehemu Bahizire, ndiye aliyeyachoma yale matofali yote. Yeye na babu walifanya kazi pamoja, wakazeeka jirani, ukuta kwa ukuta. Nilimkuta anachambua dagaa. Sikumwambia mimi ni nani, nilisema tu kwamba naandika habari za jengo.

Nilimwuliza kwa uangalifu kama ni kweli yule fundi alikuwa ameingia Ukristo. Aliacha dagaa wake akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki wanaishi juu ya miti. Akaniambia, na nakuandikia kama alivyosema: "Apana, mutoto wangu. Nani alikuambia hiyo? Ule mwaka wa maji mingi, mwaka makumi sita na ine, maji iliingia mu nyumba yake, mu yetu, mu ya batu bote. Pahali pakavu ilibakia mu kanisa tu. Ule muzee anafagia, anatandika mukeka yake, anasali sala yake. Padri anapita pembeni pole pole asimusumbue. Shida iko wapi?"

Shida, Baba, ni kwamba siku moja katika siku hizo mfanyabiashara mmoja wa mjini alipeleka mafuta ya taa Kajaga. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Akamwona fundi Azhar ameweka paji la uso chini, mbele yake altare na msalaba. Alichokiona ni kweli tupu, na alichokwenda kukisema mjini hakikuwa kweli hata kidogo. Ami zako wakatuma mtu kumwuliza. Naye babu, badala ya kusema neno moja likaisha, alimjibu yule mjumbe kwamba ndugu aliyekula naye sahani moja tangu utotoni, kama leo anahitaji kumwuliza kama yeye ni Mwislamu, hana jibu la kumpa. Kiburi cha namna hiyo nakifahamu. Ninacho mimi, unacho wewe, na Mama alikuwa anasema ndicho urithi pekee tuliogawana sawasawa.

Hawakutuma tena mjumbe, na yeye hakurudi mjini. Aliishi hapo kando ya kanisa lake miaka mitatu zaidi, akiziba nyufa na kupaka chokaa, mpaka akafa.

Sasa nakuja kwenye kaburi, na hapa nakuomba ukae vizuri. Kwenye kazi yangu nilitakiwa kupima pia makaburi, kwa kuwa maji yamebakiza hatua kumi na mbili kuyafikia. Yako arobaini na moja, mbele ya kanisa, kati ya mlango na ziwa. Arobaini yamelala kwa kufuata mstari wa kanisa. Moja limekingama. Jovithe alilichora, akasema waliolichimba walikuwa wamelewa. Mimi sikuhitaji dira. Mtu anayelala hivyo, kwa ubavu wake wa kulia, uso wake unaelekea kwenye mlango wa kanisa, na ukipita kanisa unakwenda moja kwa moja kule tunakoelekea sote mara tano kwa siku. Koko Dorothée alipothibitisha kwamba hilo ndilo la muzee Azhar, nilikuwa nimeshajua.

Parokia itawahamisha wote Jumamosi ya tarehe 28 Juni, wiki tatu baada ya Idi ya kuchinja, wakati ardhi imekauka. Kila familia inatakiwa kuja kujiandikisha kwenye daftari na kuchukua mtu wake. Ambao hawatapata mwenyewe watawekwa pamoja katika shimo moja kule juu, kwa heshima, lakini bila majina. Nilipouliza ni wangapi hawajaandikiwa mtu, Padri Gélase alifungua daftari akanionyesha. Alikuwa amebaki mmoja.

Nilimwuliza Koko Dorothée nani alimzika. Niliuliza tu kwa ajili ya ripoti, ndivyo nilivyojiambia. Alinisimulia kwamba asubuhi ile Bahizire alipanda baiskeli yake akaja mjini kutoa habari dukani kwa ndugu zake. Alimkuta kijana nyuma ya kaunta, na nyuma ya kijana amekaa mzee mwenye kilemba. Bahizire akasema Azhar wa Kajaga amefariki. Mzee hakuinua kichwa. Kijana akajibu, "Hapa hatuna mtu wa Kajaga."

Koko Dorothée hajui kijana yule ni nani. Mimi najua, Baba. Mwaka ule ulikuwa na miaka ishirini, na kwenye duka lile hapakuwa na kijana mwingine.

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, njia nzima. Nilikaa na jambo hili siku arobaini. Kumsafisha marehemu ni rahisi, nilikuwa na dira na daftari. Lakini nilijiuliza, nikimwondolea babu aibu yake, mzigo nitamtwika nani? Nitamtwika mzee mwenye goti bovu, peke yake katika chumba cha nyumba ya mwanawe, ugenini. Kweli nyingine ni bora zife na wenyewe. Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza, Wallahi. Nilikuwa nimeanza hata kukuandalia uongo wa ghala jingine.

Halafu nikarudi kwa Koko Dorothée kumpelekea sukari, na tulipokuwa tunaagana akaniambia kwamba kuna kitu alisahau. Akasema Bahizire alitoka pale dukani roho inamuuma, akawa ameshafika kwenye kona ya barabara ya Uvira, akasikia mtu anakimbia nyuma yake. Alikuwa ni yule kijana. "Anakimbia na ndala moja mu muguu, ingine imemupotea. Akafunga kitambaa nyeupe ku keria ya kinga, akaifunga na mukaba yake mwenyewe ya suruali, akarudia mbio anashika suruali na mukono. Bahizire alikuwa anacheka kila akikumbuka hiyo suruali. Halafu analia." Kinga, kwao, ni baiskeli.

Baba, sasa ninakuambia kitu ambacho naamini umekaa miaka hamsini na minane bila kukijua. Bafta yako ilifika. Bahizire aliipeleka hadi Gatumba, akawatafuta Waislamu nyumba kwa nyumba mpaka akapata watu watatu, mmoja wao ni mume wa Mwantum, yule muuza mafuta ya mawese ambaye Shangazi bado anamkumbuka. Wakamwosha babu, wakamkafini katika bafta ile, wakamswalia hapo nje mbele ya mlango wa kanisa. Bahizire na wanakijiji wakasimama nyuma yao wamevua kofia. Wale watatu ndio waliowaelekeza wachimbaji walikingamishe kaburi. Babu yangu alizikwa kama Mwislamu anavyozikwa, amevishwa na mwanawe.

Usiniambie uliwaamini ami zako. Mtu hamkatii sanda yule anayemwona kafiri. Mdomo wako ulisema walilotaka, kwa kuwa ulikula kwao na kulala kwao na mzee alikuwa nyuma yako. Lakini miguu yako ilijua, hata ikapoteza ndala. Mimi ningekuwa hapo ningekuokotea.

Nimebaki na kosa langu, na hili ndilo kubwa. Jumatatu iliyopita Padri Gélase alinipa kalamu. Kwenye daftari kuna sehemu ya jina la anayemchukua marehemu, na uhusiano wake. Ningeweza kuandika Hiba, mjukuu, na hakuna ambaye angenilaumu. Niliandika: Nasor bin Azhar, mtoto wake. Chini nikatia sahihi yangu kwa niaba yako, bila wewe kunituma. Kisha nikaenda pale kwenye lile kaburi lililokingama, nikamtolea salamu, nikamwambia Nasor anakusalimu. Salamu ni amana, na ya kwako niliifikisha kabla hujanipa. Kama nimekosa, nisamehe, au nikemee, ila usikate simu.

Shekhe nimemwuliza, anasema maji yakitishia kaburi inajuzu kumhamisha. Shangazi anataka alazwe pembeni ya bibi, kwenye makaburi yetu ya mjini, na nimekubali kwa jina lako pia, maana nilikuwa nimeshazoea. Kuhusu kanisa, niliogopa sana kuwaambia wazee wa parokia kwa nini limekaa vile. Nilidhani watasema wamedanganywa miaka sabini. Koko Dorothée akasema kwamba Mungu haiko na mugongo, popote utamukuta uso. Wamekata shauri kwamba jipya lifuate mstari uleule, na matofali yatakayotoka mazima yajengee baraza. Ripoti yangu ina kurasa thelathini na jina la fundi liko ukurasa wa kwanza, limeandikwa kamili.

Desturi unaijua, wanaoshuka kaburini kumpokea mtu ni watatu. Miguuni atashuka Rayan. Katikati atashuka mtoto wa Shangazi Ghanima, yule ambaye tangu azaliwe unamwita "kijana wa Ghanima" ili usitaje jina alilopewa. Anaitwa Azhar, Baba. Ana miaka hamsini na bado anangoja umwite. Kichwani nimesema pasijazwe. Kaka atakuambia kwamba goti haliwezi safari, na pengine ana haki. Mimi nimesema vilevile pasijazwe.

Wanakusalimu wote hapa. Shangazi Ghanima anakusalimu, na anasema yeye alikuwa akilisoma jina la baba yenu katika kila dua bila kukuomba ruhusa. Rayan anakusalimu. Padri Gélase anakusalimu kwa adabu nyingi na anauliza kama unakumbuka tarehe ya kuzaliwa ya babu. Koko Dorothée, ambaye sasa nimemwambia kila kitu, aliingia ndani akatoka na mkaba wa ngozi uliokauka, una kishikizo cha shaba. Walikuwa wameuweka miaka yote wakisema mwenyewe atakuja kuuchukua. Unisalimie kaka, mke wake na watoto, na uniombee dua kama ninavyokuombea.

Mkaba nimeutia mafuta, uko kwenye kabati yangu. Shangazi alitaka kwenda sokoni kununua bafta mpya, nimemkataza. Hakuna hapa anayejua zilikuwa yadi ngapi. Njoo nayo.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Hiba binti Nasor bin Azhar